Christmas '64 ya Jimmy Smith: albamu ya Krismasi inayotaka sabufa iliyowekwa vizuri

Kati ya albamu za Krismasi za kinanda cha jazi zilizotoka Marekani miaka ya 1960, Christmas '64 ya Jimmy Smith ndiyo rahisi kuipata, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na vyombo tunavyoipigia. Sehemu ya albamu hii ni kazi ya daraja la kwanza. Sehemu iliyobaki ina matarumbeta mengi kuliko inavyohitaji. Tatizo ni kwamba ile sehemu nzuri ndiyo ambayo simu na vispika vya bluetooth vya mkononi haviwezi kuitoa, kwa sababu besi yake haina mpiga besi. Inapigwa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, na ukiikosa hiyo umekosa theluthi ya bendi.

Humu hakuna mwimbaji. Kuna kinanda cha Hammond, gitaa na dramu, na kwenye baadhi ya nyimbo inaingia bendi kubwa ya vyombo vya kupuliza. Kampuni ya Verve iliitoa mwaka 1964, mtayarishaji akiwa Creed Taylor, na aliyerekodi ni Rudy Van Gelder kwenye studio yake ya Englewood Cliffs, New Jersey. Smith alianza kurekodi na Blue Note mwaka 1956, mara nyingi akiwa na wenzake wawili tu, na jina lake lilijengwa hapo. Alipohamia Verve mwaka 1962 kampuni ikaanza kumzungushia bendi kubwa, na sokoni ikalipa. Albamu hii imebeba tabia zote mbili: mpangilio wa muziki wa bendi kubwa ni wa Billy Byers na Al Cohn, na katikati yake zimepenyezwa nyimbo za watu watatu.

Jina nalo linawagharimu watu, kwa hiyo tulimalize mapema. Ukikuta Christmas Cookin' yenye jina la Smith, ni albamu hiihii imetolewa tena kwa jalada jingine. Usilipe mara mbili. Tofauti ya kweli ni kwamba CD ya Christmas Cookin' imeongezewa nyimbo mbili zilizochukuliwa kutoka albamu nyingine: Baby, It's Cold Outside aliopiga na mpiga gitaa Wes Montgomery mwaka 1966, na Greensleeves ya mwaka 1965. Huo wa Montgomery pekee unatosha kuchagua toleo hilo kama unanunua mara ya kwanza. Anayetafuta santuri ya asili aangalie namba ya Verve: V6-8604 ni stereo, V-8604 ni mono.

Albamu inafunguka na God Rest Ye Merry, Gentlemen ya bendi kubwa, vyombo vyote vya shaba vikiwa mbele. Albamu ya asili inafungwa na wimbo huohuo, safari hii watu watatu tu. Anayetaka kujua kama albamu inamfaa asianze mwanzo, aanze mwisho. Kwenye toleo la bendi kubwa kinanda kinasubiri zamu yake, kinaingia, kinatoka, kinajibizana na matarumbeta. Kazi safi, lakini Smith anakuwa mgeni kwenye albamu yake mwenyewe. Kwenye toleo la watatu hana pa kujificha. Wimbo wenyewe unautambua kwa muda mfupi tu, kisha anauacha na kuanza kutunga juu yake, sentensi fupi fupi zinazorudiwa hadi zinabadilika, huku besi ikitembea chini bila kusimama. Mtu aliyezoea gitaa la solo linavyochemka kwenye sebene atalielewa hili haraka kuliko anavyofikiri, ingawa mwendo ni mwingine kabisa.

Jingle Bells na Santa Claus Is Coming to Town ni za wachache na ni fupi. Zinachangamka, haziendi mbali. We Three Kings ndiyo sehemu pekee ambapo bendi kubwa inastahili mshahara wake: wimbo una mwendo wa mapigo matatu na sauti ya huzuni kidogo, na zile shaba nzito zinaupa uzito badala ya kuupigia kelele. Silent Night tuseme ukweli: aliyekulia na Usiku Mtakatifu wa sauti nne kanisani, hii haitamfikisha mahali alipozoea kufika. The Christmas Song na White Christmas ni nyimbo za kupitia.

Sasa kuhusu ule mkono wa kushoto. Hammond B-3 ina kibodi mbili, kila moja funguo 61, na pedali 25 miguuni. Kwa mtindo wa Smith, mkono wa kulia unapiga wimbo kwenye kibodi ya juu na wa kushoto unatembeza besi kwenye kibodi ya chini, noti moja kwa kila pigo. Mguu wa kushoto unagusa pedali kwa kifupi sana, zaidi kuongeza kishindo mwanzoni mwa noti kuliko kupiga noti nzima. Mguu wa kulia unakaa kwenye pedali ya sauti, na ndio unaofanya kinanda kivute pumzi. Besi hiyo ya mkono inashuka hadi kama hezi 65, yaani mitetemo 65 kwa sekunde. Spika nyingi za simu huanza kudhoofika kabla hata ya kufika hezi 300, na vispika vidogo vya bluetooth vingi huwa vimekwisha nguvu karibu na hezi 80 hadi 100. Ndiyo maana mtu anaisikiliza kwenye simu na kusema ni kinanda cha lifti. Alichosikia ni mkono mmoja.

Suluhisho la karibu kwa watu wengi wa hapa Mwanza ni sabufa ya nyumbani, ile ya boksi moja kubwa na vispika viwili au zaidi. Inafaa, ila si jinsi zinavyopangwa kwa kawaida. Kitufe cha besi kikizungushwa mpaka mwisho, boksi linatoa mlio wake lenyewe: kila noti inakuwa bum, iwe ya juu au ya chini, na ule mwendo wa besi unafutika. Rudisha kitufe katikati au chini yake kidogo. Zima kila kitu kinachoitwa Bass Boost, kwenye sabufa na kwenye simu. Toa boksi kwenye kona ya ukuta, angalau nusu mita kutoka kila upande, maana kona inaikuza besi bila mpangilio. Kisha piga ule wimbo wa mwisho na ujaribu kuifuata besi kwa mdomo. Ukiweza kusikia noti inapanda, inashuka, inarudi, umefika. Ukisikia kishindo kimoja kinachojirudia, punguza tena.

Kosa la pili ni la nyaya, na liko zaidi kwenye migahawa na baa za ufukweni. Rekodi za stereo za miaka ile zinapenda kutenganisha vyombo, hiki kushoto kabisa na kile kulia kabisa. Mahali pengi waya wa kutoka kwenye simu unaingia kwenye miksa upande mmoja tu, au jeki haijakaa vizuri. Kwa bongo fleva ya leo hutagundua, kwa sababu sauti ya mwimbaji na mdundo viko katikati. Kwa rekodi ya mwaka 1964 chombo kizima kinaweza kupotea, au kibaki mwangwi wake tu. Ukiona gitaa halipo, au kinanda kinasikika kama kiko chumba cha pili, usiilaumu albamu. Kwenye simu ya Android ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, washa sauti ya mono, yaani pande zote mbili kuwa moja. Njia bora zaidi ni kuingiza pande zote mbili kwenye njia mbili za miksa na kuziweka zote katikati. Usisokote waya wa kushoto na wa kulia pamoja ili upate mmoja. Pande mbili zinazotoa sauti zitasukumana, na sauti inayotoka ni mbovu.

Kwa faili, chukua ubora wa 320, yaani kilobiti 320 kwa sekunde. Unakula kama megabaiti 24 kwa kila dakika kumi, si mzigo wa kutisha kwenye flashi. Kwenye 128 matoazi ya dramu yanaanza kukwaruza na ule mzunguko wa Leslie, spika inayozunguka ya kinanda cha Hammond, unakuwa matope. Faili zilizogeuzwa kutoka kwenye video ndizo mbaya kuliko zote, maana zimebanwa mara mbili.

Santuri inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea kimyakimya. Mashine za santuri za mitumba zinazoingia nchini, baadhi zimetoka Marekani. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60. Huku ni volti 230 na hezi 50. Mtu ananunua transfoma ya kushusha volti, mashine inawaka, sahani inazunguka, anaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Transfoma inabadilisha volti, haigusi hezi. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata hezi za umeme, kwa hiyo badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika zinazunguka 27.8. Wimbo wa dakika 5 unachukua dakika 6, na kila kitu kinashuka kwa nusu-toni tatu na kidogo. Kinachochanganya ni kwamba kinanda kikishuka hivyo kinasikika kizito na kizuri tu, hasa kwa asiyeujua wimbo, na mtu anaweza kuishi nacho miaka akiamini Smith alikuwa mvivu.

Kupima ni rahisi. Bandika kipande kidogo cha karatasi pembeni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika tatu. Ikiwa 100, mashine iko sawa. Ikiwa 83 hivi, ni ya hezi 60 na inasukumwa na umeme wetu. Dawa ni kubadilisha puli ya mota kwa ile ya hezi 50, ambayo ni nene zaidi kwa moja ya tano, na kwa modeli nyingi zilizouzwa nchi zote mbili puli hiyo ilitengenezwa. Mashine zinazotumia mota ya DC hazina shida hii. Angalia kama zina adapta ndogo ya volti 12 au 15. Usitegemee zile sahani zenye mistari ya kupimia kasi, zinazosomwa chini ya taa ya umeme, bila kusoma maandishi yake: kwa hezi 50 mistari inatakiwa 180, kwa hezi 60 ni 216, na taa nyingi za LED hazimeti kwa namna ya kukuonyesha chochote.

Hammond halisi nayo iko hivyohivyo, na hii ni kwa makanisa na studio zinazoota kuagiza moja. Magurudumu yake ya sauti yanazungushwa na mota inayofuata hezi, hivyo B-3 ya Marekani ikichomekwa hapa kwa transfoma peke yake itapiga chini kwa zile nusu-toni tatu, na hakuna kitufe cha kuirekebisha. Inahitaji kifaa cha kuzalisha hezi 60, au kubadilishwa ndani. Pamoja na benchi na pedali inakaribia kilo 200. Kwenye ghorofa za mjini hilo ni swali la fundi ujenzi kabla ya fundi kinanda.

Na kama santuri unaipigia karibu na maji, Capri Point au upande wa Ilemela, funga kifuniko usiku. Vile vijidudu vya ziwani vinafuata taa, vinatua kwenye santuri inayozunguka, na sindano inavisaga ndani ya mfereji. Kinachobaki ni ute mweusi kwenye ncha ya sindano na mlio wa kukwaruza ambao watu hudhani ni uzee wa santuri. Safisha ncha kwa brashi laini, kutoka nyuma kwenda mbele tu.

Wapiga kinanda wa kwaya ndio watakaofaidi albamu hii kuliko wasikilizaji wengine wote, na mji huu una wengi. Kinanda chenye drobaa, yaani vile vishikio tisa vya kuvuta vinavyopanga sauti, kiweke 888000000: vitatu vya kwanza mpaka mwisho, sita vilivyobaki vimefungwa. Washa Percussion, chagua Third, Fast na Soft. Vibrato weka C-3. Leslie iache imesimama au polepole, kama mizunguko 40 kwa dakika. Ile ya kasi, kama 400, iwekwe akiba kwa kilele cha wimbo. Vijana wengi huiwasha kasi mwanzo hadi mwisho, na ndiyo inayogeuza kila kitu kuwa muziki wa sinema ya kutisha. Kwa besi ya mkono wa kushoto, 838000000 kwenye kibodi ya chini inatosha.

Sikiliza ule mlio wa "tok" wa Percussion mwanzoni mwa noti kwenye Jingle Bells. Kwenye Hammond unatoka tu ikiwa vidole vyote vimeachia funguo kabla ya noti inayofuata. Ukiunganisha noti, ya kwanza ina "tok", zinazofuata hazina. Smith anautumia huo kama mwimbaji anavyotumia herufi ngumu: anakata pale anapotaka neno lisikike, anaunganisha pale anapotaka lipite. Sauti za Jazz Organ kwenye vinanda vingi vya bei ya kati hupiga "tok" kwa kila noti, hata ukiunganisha, na ndiyo maana zinachosha. Tafuta sauti isiyo na Percussion kwa vifungu vya haraka. Zima Touch Response, kwa kuwa funguo za Hammond hazijui kubonyezwa kwa nguvu au kwa upole, na zima Sustain. Nguvu ya sauti itoke kwenye pedali ya mguu. Tena kubaliana na mpiga gitaa la besi kabla ya ibada: mkikaa wawili kwenye noti za chini, hakuna atakayesikika.

Kwa hoteli na migahawa inayotaka kitu tofauti na zile nyimbo zilezile za Desemba, albamu inafaa mchana na jioni mapema, watu wakila sato na kuongea. Usiku wa kucheza itakuangusha. Panga sauti kwa kutumia wimbo wa kwanza, si zile za polepole. Ukipima kwa White Christmas, ikirudi ile ya kwanza wateja wataruka vitini. Afadhali wimbo huo wa kwanza uutoe kabisa kwenye orodha na kuanza na ule wa mwisho. Kumbuka pia kuwa akaunti binafsi za kusikilizia muziki mtandaoni, kwa masharti yake, haziruhusiwi kutumika kwenye biashara. Na usiizime tarehe 26: We Three Kings ni ya Mamajusi, na kwa mji ambao kanisa kuu lake Katoliki pale Bugando linaitwa Epifania, ina haki ya kupigwa mpaka tarehe 6 Januari.

Ambaye matarumbeta yanamkera kabisa, ipo nyingine ya mwaka huohuo: Holiday Soul ya Don Patterson, kampuni ya Prestige, nayo imerekodiwa na Van Gelder. Watu watatu mwanzo hadi mwisho: Patterson kwenye kinanda, Billy James kwenye dramu, na Pat Martino kwenye gitaa akiwa na miaka 20. Patterson hana mikono ya Smith, na kinanda chake kina joto zaidi kuliko makali. Lakini gitaa la Martino ni kali kuliko gitaa lolote kwenye Christmas '64, na hakuna wimbo wa kuruka. Kwa duka au nyumba inayotaka diski moja tu ya kuiacha ijipige, hiyo ndiyo ya kununua kwanza. Ya Smith inunuliwe na mwenye sabufa iliyokwisha kupangwa na muda wa kuisikiliza besi.